Karatasi Isubiri Arobaini

Mhadhara kwa wauguzi, walimu, viongozi wa dini na wazazi



Nimeombwa nizungumzie mimba isiyotarajiwa, na swali ambalo mwenye mimba hiyo huliuliza kwa kunong'ona: je, mtoto huyu akizaliwa, nimtoe akaasiliwe na watu wengine? Mimi ni wakili, na kesi za watoto ndizo zinazonipeleka mahakamani mara nyingi. Leo nina neno moja tu, na nitalitetea hadi mwisho. Miezi ya mimba ni ya kuuliza; si ya kutia sahihi. Kumtoa mtoto aasiliwe kunaweza kuwa uamuzi wa busara na wa mapenzi makubwa. Lakini mwenye uamuzi huo ni mama aliyekwisha kujifungua, akapumzika, akaelezwa kila kitu, na asiwepo mtu wa kumshika mkono ili kalamu iende.

Tuanze na wanaohusika. Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19, kama 15 walikuwa wamewahi kushika mimba. Hao ndio tunaowasema sana. Wapo pia wasiosemwa: mtumishi wa nyumbani aliyerudi kutoka nchi za Ghuba na tumbo asiloweza kulieleza kwao, mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye karo yake inatoka kwa mchango wa ukoo, mke wa mtu mwenye watoto 4, ambaye mume amepoteza kazi na wa tano yuko njiani. Kila mmoja ana sababu zake, na hakuna anayesaidiwa na hotuba ya maadili akiwa na mimba ya miezi sita.

Niwatungie mfano, nisije nikamvua nguo mtu wa kweli hadharani. Binti wa miaka 22 anauza katika duka la nguo mjini Mombasa. Aliyempa mimba amebadilisha laini ya simu. Binti anavaa dera pana, anajitanda leso juu yake, na nyumbani anasema ananenepa. Siku ya kliniki, akiwa kwenye benchi, anakaa karibu yake mama mmoja mwenye maneno matamu. "Mwanangu, usilie. Nina watu wangu, mke na mume, uwezo wanao, mtoto hawana. Hospitali watalipa wao, na wewe utapewa cha kuanzia maisha. Ukifika wodini andikisha jina nitakalokupa. Ukijifungua unaondoka zako, na hakuna atakayejua."

Kila sentensi hapo inasikika kama huruma, na kila sentensi ina kosa ndani yake. "Utapewa cha kuanzia maisha": sheria inakataza malipo yoyote kwa ajili ya kumtoa mtoto. "Andikisha jina nitakalokupa": maana yake ni kwamba taarifa ya kuzaliwa itakayotoka hospitalini itabeba jina la mwanamke ambaye hakuzaa, na cheti cha kuzaliwa kitakachofuata kitakuwa cha uongo tangu herufi ya kwanza. "Hakuna atakayejua": ndiyo, wala mahakama haitajua, wala afisa wa watoto hatajua. Mume na mke wale wakigombana, au mmoja akifa na ndugu wakaja juu kwa ajili ya nyumba na shamba, mtoto hatakuwa na hati hata moja ya kumsimamia.

Mnamo Novemba 2020, BBC Africa Eye ilitangaza uchunguzi wake kuhusu watoto wachanga walioibwa na kuuzwa jijini Nairobi. Wengi walishtuka. Mimi kilichonishughulisha ni mnunuzi na muuzaji kukutana kwa wepesi ule. Wanakutana kwa sababu pande zote mbili kuna aibu. Mwanamke asiyezaa anaionea haya hali yake, na mwanamke aliyezaa bila kutaka anaionea haya ya kwake. Dalali anaishi katikati yao. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010 imemwekea huyo dalali adhabu inayoweza kuwa kifungo kisichopungua miaka 30, na imetaja waziwazi kumtoa mtoto aasiliwe kwa nia ya biashara hiyo. Lakini kifungo hakitaiondoa aibu. Itaondolewa na watu kujua kwamba njia halali ipo, na kwamba mama anayeipita hachekwi.

Njia yenyewe ni hii. Kenya inaongozwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Mwenye mimba anayefikiria kumtoa mtoto anaweza kwenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yake, au kwa shirika la kuasili lililosajiliwa, hata akiwa na miezi minne. Pale atapewa ushauri nasaha na kuelezwa maana ya jambo hili: amri ya mahakama ikishatoka, haki na wajibu wake kama mzazi vinakoma, na mtoto anakuwa wa wazazi wapya kwa jina, kwa malezi na kwa urithi, kana kwamba wamemzaa wao. Hataweza kurudi baada ya miaka mitano akiwa amepata kazi na kusema sasa nirudishieni. Aelezwe hivyo kwa Kiswahili cha kueleweka, na aelezwe tena siku nyingine.

Baada ya maelezo hayo anarudi nyumbani bila kusaini kitu. Sheria inasema mipango ya kumwasili mtoto haianzi kabla hajatimiza angalau majuma 6, na kabla haijathibitishwa rasmi kwamba yu huru kuasiliwa. Uingereza nayo ridhaa ya mama haitambuliwi mtoto akiwa hajatimiza majuma 6. Mkataba wa Hague wa Mei 29, 1993 kuhusu watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2007, unataka ridhaa ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa, na isitolewe kwa malipo ya namna yoyote.

Hesabuni majuma 6: ni siku 42. Sisi watu wa pwani tunaijua hesabu hiyo bila kufunguliwa kitabu. Mzazi hukaa arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, hafui, hapiki, hatumwi sokoni. Wazee waliona kwamba mwanamke aliyetoka kuzaa mwili wake umefunguka na akili yake haijatulia, wakaamua asitwishwe mzigo wowote mpaka arudi kuwa yeye. Wabunge walioandika yale majuma 6 na mabibi zetu waliokanda migongo ya wazazi walifika mahali pamoja kwa njia mbili. Basi ikiwa hatumtumi mzazi kununua nyanya kabla ya arobaini, kwa nini tumtume kuamua jambo la maisha yake yote siku ya pili, akiwa wodini, damu bado inamtoka?

Baada ya majuma hayo, akiwa bado na nia ileile, ndipo anapotia sahihi. Waombaji huchunguzwa: nyumba yao, afya yao, kipato chao, mwenendo wao. Angalau mmoja wao awe ametimiza miaka 25 na amempita mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mtoto hukaa kwao miezi 3 mfululizo kabla ombi halijapelekwa Mahakama Kuu, na huko mahakama huteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto na kuleta ripoti. Ni safari ndefu, na watu huilalamikia. Lakini urefu huo ndio unaomtofautisha mzazi mpya na mnunuzi.

Na mtoto aliyetupwa? Huyo safari yake ni ndefu zaidi. Akiokotwa penye jaa au mlangoni pa kanisa, hakuna mama wa kuulizwa. Polisi huandika ripoti, ndugu hutafutwa, na sheria ya 2001 ilihesabu miezi 6 ya kutosikia habari za mzazi kabla ya kumchukulia mtoto kuwa ametelekezwa. Muda wote huo yuko katika makao ya watoto, akipokezanwa na wahudumu wa zamu. Mama aliyekuja ofisini akasema "siwezi kumlea" amempa mwanawe mwanzo bora kuliko aliyekimbia usiku, na ameacha nyuma yake habari ambazo mtoto atazihitaji. Kwa hiyo tafadhali, wauguzi wangu, msiwatazame wawili hao kwa jicho moja.

Wapo wanaodhani kubanwa kwa mama ni ugonjwa wa nchi maskini. Tutazame Ireland. Kwa miongo mingi msichana aliyepata mimba nje ya ndoa alipelekwa katika nyumba maalumu, nyingi zikiendeshwa na watawa, akajifungua mbali na macho ya kijiji chake, na watoto wengi wakatolewa kuasiliwa. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti Januari 2021: nyumba 18 zilizochunguzwa zilipitiwa na wanawake wapatao 56,000 kati ya 1922 na 1998, na watoto kama 9,000 walifia humo. Waziri Mkuu Micheál Martin alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya dola. Australia nayo, Machi 21, 2013, Waziri Mkuu Julia Gillard aliwaomba radhi akina mama walionyang'anywa watoto kwa hila na kwa kulazimishwa. Wengine walikuwa wameieleza kamati ya Seneti jinsi walivyosainishwa wakiwa bado wamelewa dawa za hospitali. Nchi zile zilikuwa na makarani, mihuri na mafaili. Kilichokosekana ni uhuru wa mwenye mtoto kusema hapana. Karatasi zilikamilika, na dhuluma ikapita juu yake.

Sasa nije kwenye swali ambalo ningependa kila mshauri amwulize mwenye mimba, na amwulize zaidi ya mara moja: "Kama ungekuwa na pa kulala, chakula, na mtu wa kukusaidia kwa mwaka mmoja, bado ungetaka mtoto huyu alelewe na mwingine?"

Sikilizeni jibu lake vizuri. Akisema, "Hapana, kama ningekuwa na hayo ningemlea," basi shida yake ni umaskini na upweke, na dawa ya umaskini si kumwondoa mtoto. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa na Baraza Kuu Desemba 2009, umesema wazi kwamba ufukara peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Akisema, "Ndiyo, hata ningekuwa na nyumba na kazi, siwezi kuwa mama wa mtoto huyu," hapo tumheshimu. Huenda mimba ilitokana na kubakwa. Huenda anajijua kuliko tunavyomjua. Hadaiwi maelezo na jirani wala na mahubiri yetu.

Kwa yule wa jibu la kwanza kuna milango kadhaa, na mlango wa kwanza ni baba. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa mtoto haki ya malezi ya baba na mama, na wajibu wao ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Mwanamume aliyebadilisha laini ya simu hajabadilisha wajibu. Mahakama ya watoto inaweza kumwagiza atoe matunzo. Na upande wa pili, baba anayejulikana na anayemtaka mwanawe hawezi kurukwa kimyakimya kwa sababu tu familia ya msichana imemkasirikia.

Mlango wa pili ni shule. Mwanafunzi aliyejifungua ana ruhusa ya kurudi darasani. Kenya imekuwa na sera hiyo tangu 1994. Walimu mliopo, nyinyi ndio mnaoigeuza sera kuwa dawati. Na msichana akiwa chini ya miaka 18, kumbukeni kwamba katika faili lile kuna watoto wawili, na kwamba aliyempa mimba ana kesi ya kujibu chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006. Haraka ya kukificha kichanga mara nyingi ni haraka ya kumficha mtu mzima.

Mlango wa tatu ndio unaofunguliwa zaidi: bibi. Mtoto anachukuliwa na bibi yake, anamwita "mama", na aliyemzaa anamwita "dada". Nyumba ngapi hapa zina "kitinda mimba" aliyezaliwa wakati bibi ameshapita miaka 50! Silibezi jambo hili. Limewalea wengi wetu. Lakini lina mashimo mawili. La kwanza ni uongo, maana siku ya ugomvi wa harusi au wa mirathi, jirani mmoja atautoa ukweli wote kwa maneno ya kuchoma. La pili ni kukosa hati. Bibi akifa, nani mlezi? Nani ataidhinisha mtoto afanyiwe upasuaji? Ulezi wa ndugu unaweza kuandikishwa, na afisa wa watoto yupo kwa kazi hiyo. Bibi na alee, mtoto aambiwe ukweli mapema kwa maneno ya umri wake, na hati iwepo.

Mlango wa nne ni malezi ya kambo, ambapo familia iliyokaguliwa inamtunza mtoto kwa muda bila mama kupoteza uzazi wake. Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke makaoni waingie katika familia. Kwa mama asiyejua bado atasimama wapi, muda kama huo una thamani kubwa.

Masheikh wataniuliza kuhusu kafala, yaani ulezi wa mtoto katika Uislamu, na wana haki. Aya ya 4 na ya 5 za Suratul Ahzab zimekataza mtoto wa kulea kubadilishiwa nasaba. Kisa cha Zaid bin Haritha, mtoto wa kulea wa Mtume, mnakijua kuliko mimi. Kumlea mtoto wa mwenzio, hata hivyo, ni katika mambo yaliyosisitizwa mno. Katika kafala mtoto hubaki na nasaba yake, hulishwa, husomeshwa na kupendwa, na mlezi akitaka kumwachia mali hutumia wasia usiozidi theluthi. Mke wa mlezi akimnyonyesha kabla hajatimiza miaka 2, mara 5 kwa madhehebu ya Shafii, huwa mama yake wa kunyonya, na suala la umaharimu, yaani la nani haramu kuoana naye, hutatuka. Sheria ya 2022 imeitaja kafala miongoni mwa njia za malezi mbadala. Kwa hiyo Mwislamu asijione amefungiwa njia mbili tu, kuasili au kumpeleka mtoto makaoni.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Msemo huu hupigwa usoni mwa msichana kama tishio. Mimi nausikia ukituambia sisi: ikiwa kazi iko kwenye kulea, basi mwenye kusaidia asaidie baada ya kujifungua pia. Jamii inayopigania mimba ikakimbia mtoto akifika haina la kumfundisha binti yule.

Nizungumze kidogo kuhusu mama aliyekwisha amua kumtoa mtoto, kwa sababu huyu husahauliwa. Karibu siku ya tatu maziwa yanaingia. Matiti yanajaa, yanauma, yanalowesha nguo, na mtoto hayupo kifuani. Mwili haujui habari za mahakama. Muuguzi amweleze mapema kwamba hili litatokea, amwonyeshe namna ya kutuliza maumivu kwa kitambaa cha baridi na sidiria ya kubana vizuri, na amwambie kwamba kulia si dalili ya kujuta. Huzuni na uamuzi sahihi vinaweza kukaa katika kifua kimoja. Huzuni ikizidi, ikamnyima usingizi na chakula kwa majuma, hiyo ni hali ya kutibiwa kama homa inavyotibiwa. Naye pia ana haki ya arobaini yake: akandwe, anyweshwe uji, asitumwe kuchota maji siku ya nne ati kwa kuwa hana mtoto wa kuonyesha.

Na mtoto anahitaji nini kutoka kwake? Anahitaji habari. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 7, unampa haki ya kuwajua wazazi wake kwa kadiri inavyowezekana. Mama anaweza kuliachia shirika yaliyo muhimu: kwao ni wapi, ukoo gani, nani alikuwa na kisukari, kama kuna selimundu katika familia, na kwa nini aliamua vile. Mistari kumi kwa mwandiko wake inatosha. Kijana wa miaka 18 akiuliza alitoka wapi, awepo mtu aliyemjibu miaka 18 kabla. Wazazi wanaoasili nao wasingoje mtoto aambiwe shuleni. Amwambie baba, amwambie mama, tangu akiwa mdogo, hata isiwepo siku jambo hilo lilipokuwa jipya kwake.

Nimalize kwa maombi manne. Wauguzi: mkimwona mtu anazungukazunguka wodi ya wazazi akiuliza nani hana mume, mtoeni na mpige ripoti, na anayetaka ushauri mpeni namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Viongozi wa dini: tajeni mimbarini kwamba anayemtoa mtoto kwa njia ya sheria hajamtupa. Wazazi: binti akija na habari hii, msimfukuze na msimwamulie, kwa kuwa anayefukuzwa huokotwa na dalali, na anayeamuliwa hubaki na kinyongo miaka 40. Wanaume: muwepo kliniki, muwepo kwa afisa wa watoto, na jina lenu liwepo katika faili. Akisha kupata haya yote, na majuma yakatimia, binti akasema "nitamlea", tumchangie. Akasema "mleeni nyinyi", tumshukuru. Jibu lolote kati ya hayo mawili litakuwa lake.